Kabureta ya zamani na vidude vyake usivyovijua: anza na ugonjwa wa gari, jina utalipata baadaye

Mzee mmoja wa Mambrui alikuja gereji kwetu hapa Malindi na ndoo ya rangi ya lita nne, akaitua juu ya meza, tukaamkiana shikamoo marahaba, halafu akaniambia, "Mwanangu, kabureta yangu yote imo humu, nirudishie." Kufunua ndoo naona kabureta aina ya Zenith, ya Land Rover Series III, imefunguliwa mpaka skrubu ya mwisho, na chini petroli imekauka inanata kama halua. Pembeni kuna karatasi imekunjwa, ndani vidude vinne. Fundi aliyeifungua mwanzo alikuwa ashamwambia hivyo havina kazi, gari itaenda bila hivyo. Na kweli ilikuwa inaenda, tena mpaka Marafa na kurudi, ila petroli ilikuwa inaisha njiani na moshi wake mweusi ukipita mtaani watu wanaanua nguo.

Sasa wengi wakikuta kitu hawakijui kwenye kabureta swali la kwanza ni "hiki kinaitwaje?" Mimi nakwambia jina halitakusaidia kitu, manake kila kampuni imekipa jina lake na kila fundi wa jua kali ana lake. Uliza mengine. Gari inaumwa nini? Na hicho kidude kinapitisha nini? Ndani ya kabureta, mahali petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, kuna vitu vitatu tu vinavyopita, petroli, hewa inayotoka juu kwenye filta, na ule mvuto wa injini unaotoka chini kwenye manifoldi, lile bomba la kuingilia injini, ndio unaitwa vakyumu. Fuata tundu lake kwa macho au upulizie kwa mpira mwembamba uone hewa inatokea wapi, ukishajua kinapitisha kipi nusu ya kazi umemaliza.

Kabla hujafika huko jua umeshika kabureta gani, usidanganywe na gari yenyewe. Magari haya yana miaka hamsini, yameshabadilishwa viungo mpaka hayajitambui. Land Rover ya petroli ya lita 2.25, ile injini ya cc 2286, za Series IIA nyingi zilikuja na Solex 40 PA10, baadaye Zenith 36 IV, na leo nyingi utakuta zimevishwa Weber 34 ICH. Angalia maandishi yaliyotokeza kwenye mwili wa kabureta yenyewe, futa uchafu kwa brashi ya meno na petroli kidogo utayaona. Ila namba ndogo zilizo kwenye kila kipande ni za kiwandani za kumiminia chuma, hizo zisikushughulishe. Kukiwa na kibati chembamba kimebanwa na skrubu ya kifuniko basi una bahati, usikitupe, hicho ndicho kitambulisho chake.

Kuhusu hiyo Solex kuna jambo limewapotezea watu pesa. Ukichungulia kwenye koo lake kutoka juu hukuti kile kisahani cha choki kinachojifunga kubana hewa wakati wa kuwasha. Mtu anasema "choki imeng'olewa" anaanza kutafuta ya kununua. Haijang'olewa, haijawahi kuwepo. Ubavuni kuna kijumba kidogo kina mkono na waya wa choki umefungwa hapo, ndani yake kuna kisahani chenye vitundu kinachozunguka, kukivuta kinafungua njia yake peke yake ya petroli na hewa ya kuwashia asubuhi. Ni kama kabureta ndogo ndani ya kubwa. Kama gari yako ya Solex ina moshi mweusi muda wote hata ikishapata moto, kabla hujagusa jeti, vile vishaba vyenye tundu vinavyopima petroli, nenda kaone ule mkono kama unarudi mpaka mwisho. Huku kwetu hewa ya bahari inaota ile chumvichumvi nyeupe kwenye aloi, waya wa choki unashika kutu ndani ya mpira wake, unasukuma ndani ya gari unadhani imerudi kumbe imeishia nusu.

Haya, turudi kwa moshi mweusi na petroli kuisha, manake ndio ugonjwa wa yule mzee na ndio nauona sana.

Plagi ukizitoa nyeusi kavu kama chungu cha kuni, petroli ni nyingi kuliko hewa. Anza na kitu cha bure, filta ya hewa. Ya Land Rover ya zamani ile ya bakuli la mafuta, kuna watu wamejaza oili mpaka juu wakidhani ndio kuihudumia vizuri, gari inavuta oili na haipumui. Kisha floti, lile boya linaloelea kwenye chemba ya petroli na kufunga petroli ikijaa. Floti ya shaba itikise sikioni, ukisikia kitu kinachezacheza ndani imetoboka imeingia petroli imekuwa nzito haielei. Kama hujasikia izamishe kwenye maji moto, yasiwe yanachemka, vipovu vitakuonyesha tundu liko wapi. Ukiichomelea kwa risasi punguza ile risasi iliyozidi kwa tupa, manake floti nzito inachelewa kufunga na unarudi kulekule. Halafu kile kipini kinachofungwa na floti, ncha yake ikiwa na mfereji wa kuzunguka basi imekula, badilisha pamoja na kiti chake. Chini ya hicho kiti kuna washa nyembamba, kile kipete bapa, ambayo watu huiacha mezani. Hiyo washa si ya kuzuia kuvuja peke yake, unene wake ndio unapanga petroli isimame wapi kwenye chemba. Ukiitoa, kipini kinapanda juu, kinachelewa kufunga, petroli inakaa juu kuliko inavyotakiwa.

Yote hayo kwa mzee yalikuwa sawa. Nikafungua ile karatasi.

Kidude cha kwanza kilikuwa diaframu, mpira mwembamba mviringo kama shilingi ishirini hivi, na springi yake ndogo. Kwenye kifuniko cha kabureta kuna mahali pamezibwa na kibati cha skrubu tatu, fundi alikuwa ameitoa diaframu akapaka gundi ya chuma akafunga. Kile ndicho kinachobana matumizi. Ukienda mwendo wa kawaida bila kukanyaga sana mvuto wa injini unakuwa mkubwa, unaivuta diaframu, inafungua kinjia cha hewa ya ziada na petroli inapungua. Ukikanyaga mpaka chini mvuto unaanguka, springi inarudisha diaframu, hewa ile inafungwa, gari inapata petroli nzito ya kupandia mlima. Sasa ukiitoa, au ikitoboka, gari inajiona inapanda mlima saa zote hata kwenye lami tambarare ya Gongoni. Kuipima si kazi, tia mpira mwembamba kwenye kitundu cha upande wa vakyumu, vuta kwa mdomo uzibe kwa ulimi, ikishika ulimi ukae nao nusu dakika ni nzima. Upande wa petroli usivute kwa mdomo jamani, nishaona mtu kakohoa wiki.

Kidude cha pili o-ringi, pete ya mpira, imelala bapa kama utepe. Fundi aliona haifanani na o-ringi akadhani ni ya pampu ya maji. Hii kwenye Zenith 36 IV ndio kiini cha lawama nyingi. Ndani kuna blok inayobeba jeti zote, inabana na kifuniko cha juu, na hapo petroli inapovuka kwenda kooni ndipo o-ringi inapokaa. Ikilala bapa petroli inapita pembeni bila kupimwa na jeti yoyote, unaweza kubadilisha jeti kumi na moshi usiondoke. Na hata ukitia mpya bado hujamaliza, manake watu wamekuwa wakikaza zile skrubu kwa hasira miaka yote na uso wa blok umepinda. Weka rula ya chuma juu yake uangalie mwanga upande wa pili, ukiona mwanga katikati au pembeni haibani. Dawa yake kipande cha kioo kinene, msasa wa maji ule laini juu yake, unasugua polepole kwa mzunguko wa namba nane mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Na kifuniko chake hivyohivyo. Mimi ilinichukua tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri, nikiharakisha ningeipindisha zaidi. Usitumie mashine, usitumie tupa. Ukimaliza osha kila tundu, unga wa msasa ukibaki ndani umejitengenezea ugonjwa mwingine.

Nimekaa sana hapo lakini ndipo penye maneno.

Kidude cha tatu kigololi cha chuma, kidogo kama punje ya mtama. Hiki kinatuleta kwenye ugonjwa wa pili, gari ukikanyaga inashtuka kwanza, inataka kuzima, halafu ndio inaenda. Kabureta inahitaji kurusha petroli kidogo ya haraka pale unapokanyaga, kwa hivyo ina pampu yake, nyingine ya pistoni kama hii Zenith, nyingine ya diaframu ubavuni kama Solex. Kigololi ndio mlango wa pampu, petroli ipite upande mmoja isirudi. Kikikosekana upande wa kuingilia, ukikanyaga petroli inarudi kwenye chemba badala ya kurushwa. Kikikosekana upande wa kutokea, injini inajinyonyea petroli yenyewe kupitia kitundu cha pampu, na hapo unapata moshi pamoja na kushtuka. Kujaribu zima gari, toa filta, chungulia kooni ukivuta akseleta kwa mkono, uone mchirizi mmoja safi wa petroli unaruka papo hapo. Ukitoka kama machozi pampu imechoka au kitundu kimeziba, usipoona kitu kabisa tafuta kigololi. Sigara kando bila shaka, na usichungulie injini ikiwaka, ikibakfaya, ikirudisha moto juu, nyusi zinakwenda.

Vigololi hivi hupotea kwa sababu moja, mtu anageuza kabureta juu chini kumwaga petroli na hajui ndani kuna kitu kimelegea. Kwenye kabureta nyingine juu ya kigololi kuna kijiti cha shaba cha kukikandamiza, vyote viwili vinadondoka pamoja. Kwa hivyo ukifungua, fungulia juu ya sinia lenye kitambaa cheupe, piga picha kila hatua, na ikianguka "tik" simama hapohapo usiendelee mpaka ujue imetoka wapi. Mchanga wa hapa ukimeza kigololi haukirudishi.

Ugonjwa wa tatu ni sailensi, yaani injini kunguruma polepole bila kukanyaga, haikai. Ukikanyaga gari inaenda vizuri tu, ukiachia inazima. Hapa niwaache kidogo Land Rover niseme za Japani, Corolla za injini ya K na Datsun za miaka hiyo, manake ndizo zina vidude vingi zaidi na mipira mpaka unachanganyikiwa. Kuna kidude kama kijifuniko cha chupa cha chuma kina waya mmoja wa umeme, kimeingia ubavuni mwa kabureta kwa nati. Watu wanauliza umeme unafanya nini kwenye petroli. Ni solenoidi ya kukata petroli, ukizima switchi inafunga njia ya sailensi gari isiendelee kutetema baada ya kuzimwa. Washa switchi bila kupiga stata, chomoa waya uchomeke tena, usikie "tak". Usiposikia na umeme upo, imekufa, na gari haitakaa sailensi hata ukaze skrubu mpaka mwisho. Wapo mafundi wanakata kile kipini cha ndani ili njia ibaki wazi, inafanya kazi, sikatai, ila ukizima gari kwenye joto la kaskazi itakutetemekea kama mgonjwa wa malaria. Afadhali ununue nyingine.

Kwenye hizohizo za Japani kuna dirisha dogo la kioo kwenye chemba ya floti, na mtu akaniuliza kama ni taa. Ni la kuonea petroli, inatakiwa isimame kwenye alama katikati ya kioo gari ikiwa pahali pa sawa. Kabla hujafungua chochote angalia hapo, ikijaa kioo chote ni mambo ya floti na kipini, ikiwa chini au huioni angalia pampu na filta ya petroli. Bahati mbaya vingi vimepauka hata mwanga haupiti, basi kifute kwa pamba na spiriti polepole bila kukikwaruza.

Na kama solenoidi nzima na bado sailensi inakufa, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Injini ikinguruma nyunyiza maji, maji tu, kidogokidogo kuzunguka gasiketi ya chini ya kabureta na mipira yote ya vakyumu, mlio ukibadilika umepata tundu. Wengine wanatumia spirei ya kusafishia kabureta, inaonyesha upesi zaidi lakini manifoldi ya egzosi ipo hapo chini na mimi gereji yangu ni ya makuti. Shika pia ule mhimili wa akseleta unaopita katikati ya kabureta uutingishe juu chini, ukicheza sana tundu lake limepanuka na hewa inaingia hapo, hakuna skrubu itakayotibu.

Halafu lile bao jeusi au la hudhurungi lililo kati ya kabureta na manifoldi, nene kuliko gasiketi, kama limetengenezwa kwa mpini wa sufuria. Bakelaiti. Likipasuka watu wanachonga jingine la bati. Kazi yake ni kuzuia joto la injini lisipande kwenye kabureta, ukitia bati petroli inachemka ndani ya chemba ukishazima gari. Dalili yake ni hii: asubuhi inawaka mara moja, umekwenda mpaka Watamu umeegesha robo saa juani, ukirudi inapigwa stata mpaka betri inalia na petroli inanuka kila mahali. Ukikaa nusu saa inawaka kama haikuwa yeye. Tafuta bakelaiti.

Kuhusu zile kabureta za kikombe kirefu juu kama chupa ya dawa, SU za Morris na Mini, kule juu kuna kifuniko unachofungua kwa mkono na ndani kuna kijiti kinaogelea kwenye oili. Si pahali pa kujazia mafuta ya breki, nimeona imefanywa. Ni oili nyepesi, namba 20 inatosha, kazi yake kuzuia pistoni isiruke haraka ukikanyaga. Ikikauka gari inashtuka kama pampu imekufa, na SU nyingi hazina hiyo pampu kabisa, kwa hivyo usiitafute. Stromberg inafanana nayo ila ina mpira mpana wa diaframu chini ya kifuniko, ukichanika gari haipandi mwendo, inalia tu.

Jambo la jeti niliguse kidogo. Ni vile vishaba vyenye tundu na namba. Kwenye Solex namba 125 maana yake tundu la milimita 1.25, kwa hivyo ukiingiza waya wa breki ya baiskeli kuzibua umeshabadilisha namba hujui. Mimi natumia mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, unapita hauli shaba, halafu napuliza kwa kompresa. Na jeti za njia tofauti wakati mwingine hubadilishana nyuzi vizuri tu, ya sailensi ikaingia mahali pa nyingine bila kulalamika, kwa hivyo zilizotoka pamoja zirudi pamoja, ziandikie karatasi.

Mzee tulimfungia kabureta siku ya pili yake. O-ringi mpya, diaframu tuliipata kwenye seti ya gasiketi iliyoagizwa Mombasa, kigololi chake kilekile. Tukawasha, tukaiacha ipate moto, nikarudisha skrubu ya mchanganyiko ndani polepole mpaka mlio ukaanza kulegea nikatoa robo. Moshi hakuna. Tukaenda nayo mpaka daraja la Sabaki na kurudi, plagi nikazitoa zimekuwa rangi ya kahawa ya maziwa.

Kikabaki kidude cha nne. Kishaba kidogo, kina nyuzi, kina tundu jembamba hata mshipi hauingii, hakina namba. Nilikijaribu kila mahali kwenye Zenith, hakiingii. Nikachungulia picha za Solex, za Weber, hakipo. Nimekaa nacho jioni nzima nikijiona fundi wa bure. Mzee alipokuja kulipa nikamwonyesha nikamwambia, "Babangu, hiki kimenishinda." Akakichukua akakigeuza kwenye mwanga, akacheka mpaka akashika meza. Kilikuwa cha taa ya karabai, ile anayoivulia usiku, alikuwa anakitafuta tangu Ramadhani.